Kanoni, kadena na fundi: vifaa vya mlango Lubumbashi baada ya mwenzako wa nyumba kukamatwa

Mwizi wa kawaida anakuja kwenye nyumba asiyoijua. Anabahatisha dirisha, anapima mbwa, anasikiliza nani anakohoa. Mtu uliyekaa naye chini ya bati moja hana haja ya kubahatisha. Anajua mlango upi unakwama wakati wa mvua, saa unayorudi kazini, na chungu gani kinaficha ufunguo wa akiba. Mara nyingi anao wake mfukoni, na hujui aliutoa nakala ngapi kabla polisi hawajamchukua. Wenzake ambao hawajakamatwa wanaweza kuyajua yote hayo.

Kwa hiyo hapa vifaa vinapimwa kwa swali moja: kitu hiki kinafuta nini kati ya yale anayoyajua? Kwa kipimo hicho, kamera inashuka chini kabisa na kipande cha shaba cha sentimita sita kinapanda juu.

Kipande hicho ni kanoni. Milango mingi ya Lubumbashi, ya chuma na ya mbao, ina serire (kitasa) iliyozamishwa ndani, na katikati yake kanoni inayotoka peke yake. Huhitaji kununua serire nzima, ingawa wauzaji wengine watakuambia hivyo. Fungua mlango, tazama ubavu wake pale ulimi unapotokea. Chini ya ulimi, kimo kimoja na tundu la ufunguo, kuna skrubu moja ndefu yenye unene wa milimita 5. Ndiyo inayoshika kanoni. Itoe yote, ingiza ufunguo, uzungushe kidogo sana, kama robo ya robo ya mzunguko, mpaka kijino cha katikati kijifiche ndani ya mwili wa kanoni. Vuta. Ikigoma, usipige nyundo. Kijino hakijalingana bado. Zungusha kidogo upande wa pili, ukivuta polepole.

Kosa linalorudisha watu sokoni mara mbili ni kipimo. Kanoni inapimwa kutoka katikati ya tundu la skrubu hadi kila ncha, yaani kuna vipimo viwili. Yenye milimita 30 kila upande inaitwa trente-trente. Yenye 30 upande mmoja na 40 upande wa pili ni trente-quarante. Hesabu hizi zinasemwa kwa Kifaransa hata na muuzaji ambaye maneno yote mengine atayasema kwa Kiswahili, basi zitaje hivyohivyo. Mtu anapima jumla, anapata 70, anarudi na trente-cinq-trente-cinq. Jumla ni ileile, ila ncha moja inachomoza nje. Ikitokeza zaidi ya milimita 3 nje ya bamba la mkono wa kufungulia mlango, mtu mwenye koleo la bomba anaweza kuibana na kuivunja, maana pale kwenye tundu la skrubu chuma ni chembamba kuliko mahali pengine pote. Dawa ni rahisi: nenda na kanoni ya zamani mfukoni, ziweke mbili bega kwa bega juu ya meza ya muuzaji.

Shaba au bandia? Sumaku haisaidii, kwa sababu haivuti shaba wala ile aloi ya zinki wanayoiita zamaki. Tumia mkono na kisu. Kwa ukubwa uleule shaba ni nzito zaidi, kama kwa robo hivi. Kwaruza kidogo sehemu itakayofichika ndani ya mlango: shaba inabaki njano mpaka chini, zamaki inaonyesha kijivu chini ya rangi. Halafu hesabu makato ya ufunguo. Kila kato ni pini moja ndani. Matano ni kiwango cha kawaida, sita ni bora, na kama yote matano yana kina karibu kimoja, rudisha. Jaribio linalokata maneno ni hili: omba kanoni mbili za boksi tofauti lakini za aina moja, ujaribu ufunguo wa hii kwenye ile. Kwenye bidhaa za bei ya chini kabisa, kuna siku utashuhudia zikifunguana mbele ya macho yako. Muuzaji mwema atacheka na kukuonyesha aina nyingine. Asiyetaka ujaribu ameshakujibu.

Pakiti ya funguo iwe haijafunguliwa. Kama plastiki imechanwa, hujui nani alishika ufunguo wako kabla yako, na ndicho hasa unachokikimbia. Ufunguo wa vidimbwi, ule bapa wenye mashimo badala ya meno, unastahili nyongeza ya bei kwa sababu moja tu: mashine za kuuchonga ni chache kuliko za ufunguo wa meno, ambao fundi wa mezani anautoa kwa dakika chache bila kuuliza wewe ni nani. Zaidi ya hapo usilipe.

Kuweka: ingiza kanoni, rudisha skrubu, kaza, kisha zungusha ufunguo mara kumi kila upande mlango ukiwa wazi. Wazi, tafadhali, kanoni ikikataa mlango ukiwa umefungwa, utavunja mlango wako mwenyewe. Ufunguo ukiwa mzito, legeza skrubu nusu mzunguko, kwani ikikazwa mno inavuta kanoni pembeni. Na usitie mafuta ya injini wala ya kupikia. Vumbi jekundu la kiangazi, kuanzia Mei mpaka Septemba, linashikana na mafuta na kuwa uji ndani ya pini. Kwangua risasi ya penseli, paka unga wake kwenye ufunguo, ingiza na kutoa mara kadhaa. Inatosha.

Ugumu wa kweli katika nyumba ya kushirikiana uko kwenye mlango wa chumba. Huko bado kuna serire za ufunguo mrefu wenye kibendera mwishoni. Hazina kanoni ya kubadilisha, na za bei ndogo zina vibao viwili tu ndani, kwa hiyo mifumo ya funguo ni michache. Ufunguo wa chumba cha aliyekamatwa unaweza kufungua chumba chako bila mtu yeyote kuchonga nakala. Jaribu leo, kama wake umebaki. Njia ni mbili. Ya kwanza, badilisha serire yote, na hapo pima vitu vitatu: kutoka ubavu wa mlango hadi katikati ya tundu, kutoka mkono wa mlango hadi tundu la ufunguo, ambayo kwenye vitasa vya mtindo wa Kifaransa huwa milimita 70 na kwenye vingi vinavyotoka China ni 85, na unene wa kile chuma cha pembe nne cha mkono, 7 au 8. Kipimo cha pili kikitofautiana, fundi atachimba mlango upya, na mlango wa ubao mwembamba ukichimbwa mara mbili hauna nguvu tena.

Njia ya pili tunaipendelea: acha serire ya zamani ilivyo, ongeza kitasa cha kubandika ndani, juu yake, chenye kanoni yake. Lakini kama mlango ni wa tripleksi (plaiwudi) wenye utupu katikati, skrubu zitang'oka kwa teke moja. Piga boliti zinazopita upande hadi upande, kichwa cha mviringo nje, nati ndani.

Ulimi uwe unatoka angalau milimita 20, na ufunguo uzungushwe mara mbili. Mlango uliosukumwa tu ukajifunga kwa ulimi wa chemchemi unafunguka kwa kadi ya plastiki. Mwenzako wa zamani anajua kama una tabia ya kuzungusha au ya kusukuma. Kisha tazama kile kibamba cha kwenye fremu kinachopokea ulimi. Mara nyingi kimeshikwa na skrubu za milimita 20, na hapo ndipo mlango unapovunjika, wakati kanoni ya bei kubwa imebaki nzima inang'aa. Weka skrubu za 70 zenye cheviye, vile vibomba vya plastiki vinavyoshika skrubu, zinazofika kwenye ukuta. Tofali la kuchoma linashika vizuri. Tofali bichi halishiki cheviye. Huko fundi achomelee miguu ya chuma kwenye fremu na kuizika kwa simenti, na mlango upumzike siku tatu bila kubamizwa. Kumbuka pia mbao inavimba kati ya Novemba na Machi. Kilichopimwa sawasawa Julai kitakwama Januari, basi acha nafasi ya milimita 2 au 3.

Kadena (kufuli) ya mlango mkubwa wa parsele, yaani kiwanja mnachokaa pamoja, tuimalize haraka, kwa sababu haitakusaidia sana. Familia nne au tano zina funguo zake, watoto wanatumwa dukani nazo, na ukiibadilisha leo nakala zitakuwa barabarani wiki ijayo. Kama mmekubaliana wote kubadilisha, chagueni yenye pingu (kile chuma kilichopinda) fupi, ya unene wa milimita 8 hadi 10, mwili wa shaba au chuma kigumu, inayoshika pingu pande zote mbili. Inayoshika upande mmoja inafunguka kwa kipande cha kopo la soda kilichokunjwa. Vile vipande vinavyoning'iniza kadena viwe na boliti zinazofichika mlango ukifungwa. Nje zikionekana, mtu hahangaiki na kadena, anafungua boliti. Kadena ya tarakimu tatu ina namba 1000 tu, na nyingi zinasikika kwa vidole zikifika pale zinapopaswa. Tuachane nazo.

Sasa huduma zenyewe. Mjini unazo tatu: fundi wa funguo mwenye meza kandokando ya soko, kuanzia soko la Kenya mpaka la Njanja, kenkayeri (maduka ya vifaa vya ujenzi) za katikati ya mji, na fundi wa kuchomelea wa kartie (mtaa). Fundi wa meza ana mikono myepesi kuliko wote na bei yake inaeleweka. Mpe kazi ya kutoa kanoni iliyokwama au kupima. Usimpe funguo mpya "arudi nazo baada ya saa moja", na usimtajie avenu yako wala namba ya parsele. Mkiwa nyumbani, hesabu funguo akianza na akimaliza. Heshima haipungui, mwambie tu, "Papa fundi, tuhesabu pamoja."

Atakupendekezea kubadilisha pini badala ya kanoni. Kazi hiyo ikifanywa vizuri ni halali na ni nafuu. Ikifanywa vibaya, pini mbili zinabaki mfukoni mwake kwa sababu zilikuwa zinasumbua, na wewe unarudi na kanoni ya pini tatu inayozunguka laini kama mpya. Ulaini huo ndio dalili. Taka kuziona pini zikihesabiwa juu ya kitambaa, kisha jaribu ufunguo wa zamani, halafu ufunguo wowote mwingine wa umbo hilohilo. Yote ikatae.

Kenkayeri ina bidhaa bora na risiti, ila wafanyakazi wake wengi wanauza vipimo, hawaweki. Risiti itunze, maana utaihitaji kwa bayere (mwenye nyumba).

Fundi wa kuchomelea ndiye hatari zaidi, na si kwa ubaya wake. Mtu mwenye hofu anamwita kuziba kila kitu kwa antivole (vyuma vya dirisha), naye anaziba. Acha dirisha moja la chumba cha kulala lenye antivole ya bawaba, lifungwe kwa kadena upande wa ndani, ufunguo ukining'inia mahali mkono wa nje haufiki lakini wa kwako gizani unafika. Umeme wa SNEL ukikatika watu wanawasha mishumaa na makala (makaa). Moto hauulizi mwizi ni nani.

Kabla ya skrubu ya kwanza, kuna karatasi. Kama jina la aliyekamatwa limo kwenye mkataba wa nyumba, kukamatwa peke yake hakumtoi. Ukibadilisha kanoni kimyakimya, anaweza kurudi na kudai wewe ndiye uliyemfungia nje. Pata ruhusa ya bayere kwa maandishi, hata mistari mitatu yenye tarehe na saini, na mjulishe shefu wa avenu au wa kartie. Vitu vyake viorodheshwe mbele ya mashahidi wawili, vifungwe kwenye magunia, visitupwe wala kuuzwa kufidia kodi. Chumba kikiwa na muhuri wa OPJ (afisa wa polisi wa upelelezi), usiuguse hata kama koti lako limo humo. Omba kwa OPJ au parke (ofisi ya mwendesha mashtaka). Ukikuta simu kumi, nyaya za shaba, au mfuko usioujua juu ya dari, piga picha, usiushike, uite aliyeandika mashtaka. Kuutupa mtoni kunakufanya mshiriki machoni pa watu wasiokujua.

Na yule "rafiki" anayekuja saa moja jioni, mpole, akisema ametumwa kuchukua begi tu: hapana. Vitu vinatolewa mchana, kwa orodha, kwa mtu aliyeandikwa jina lake, bayere au shefu akiwepo. Mlango mzuri hauna maana kama unafunguliwa kwa adabu.

Ukiamua kuhama badala ya kubaki, sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 inaweka kikomo cha garanti (pesa ya dhamana) ya nyumba ya kukaa kuwa kodi ya miezi 3. Wabayere wengi wanaomba zaidi. Kuijua namba hiyo kunasaidia kwenye mazungumzo, hasa unapodai garanti ya nyumba unayoiacha.

Vifaa vidogo, kwa mpangilio wetu. Kabari ya kengele, ile inayosukumwa chini ya mlango ikapiga kelele mlango ukiguswa, ndiyo ununuzi wa pili baada ya kanoni. Nyingi zinatumia betri ya volti 9. Inafanya kazi usiku tu, ukiwa ndani, na kazi yake kubwa ni usingizi. Inashindwa kwenye sakafu yenye vumbi, inateleza. Futa kwa kitambaa chenye unyevu na ujaribu kwa kusukuma mlango kwa bega. Pengo chini ya mlango likiwa kubwa kuliko urefu wa kabari, pigilia ubao mwembamba. Jicho la mlango linataka tundu la milimita 14 hivi, kimo cha mita 1.50, litobolewe kutoka pande mbili ili mbao isichanike, na liwe na kifuniko ndani, maana usiku taa yako inaonyesha kivuli chako.

Taa ya sola yenye kihisi mwendo ni nzuri ikielekezwa njia ya kupita, si barabara, vinginevyo itawaka kwa kila pikipiki mpaka betri iishe saa nne. Paneli yake isikae chini ya mwembe. Ifute vumbi kila Jumamosi wakati wa kiangazi.

Kamera? Inahitaji umeme, megabaiti na neno la siri la waifai, na vyote vitatu alivijua. Kama ilikuwepo kabla, huenda bado anaiona kwenye simu ya mwenzake. Izime, irudishe kama ilivyotoka kiwandani, au iuze. Modemu nayo: bonyeza kitundu cha nyuma kwa sindano sekunde 10 au zaidi, weka neno jipya. WhatsApp ina orodha ya vifaa vilivyounganishwa, toa usivyovijua. Badilisha namba za siri za M-Pesa, Airtel Money na Orange Money siku hiyohiyo, na usitumie mwaka wako wa kuzaliwa, alioimba nawe keki ikikatwa.

Kuna jambo ambalo kanoni haifanyi. Watu wengi baada ya tukio kama hili wanaamka mara nne kugusa mlango, na kila mara wanalala na shaka zaidi. Kukagua kulekule tena na tena kunafifisha kumbukumbu ya kukagua: hukumbuki tena ni usiku wa leo au wa jana. Kagua mara moja, kwa mpangilio uleule, mkono juu ya ulimi, na useme kwa sauti, "Leo Jumanne, nimefunga mara mbili." Geuza kitanda ili ukiwa umelala uone mlango. Hofu ikizidi mwezi, usingizi ukikataa na moyo ukipiga kila geti likilia, hilo limeshatoka mikononi mwa fundi wa serire. Lubumbashi ina kituo cha Joseph Guislain kinachoshughulika na magonjwa ya akili na neva, na kwenda huko kuuliza hakumfanyi mtu kichaa, hata kama majirani watasema.

Kanoni ya zamani usiitupe. Ifunge kwenye karatasi pamoja na skrubu yake na uandike kipimo juu. Siku ya kuhama utairudisha mlangoni mwa bayere, na ile ya shaba utaondoka nayo, mradi mlango wa nyumba mpya nao ni trente-quarante.